Rangi ya Mwanga Ndani ya Handaki

Mtu mwenye shati la buluu akishuka garini ndani ya handaki lenye taa za rangi ya chungwa, dereva anayemjia ataona kitu cheusi. Taa za sodiamu za shinikizo dogo hutoa mwanga wa aina moja tu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 589 hivi. Kitambaa cha buluu huumeza karibu wote, na kinachorudi machoni ni kidogo mno.

Taa hizi zilichaguliwa kwa sababu nzuri. Japani ilipoanza kujenga barabara za mwendo kasi miaka ya 1960, magari yalitoa moshi mwingi, na masizi membamba hutawanya mwanga wa buluu kuliko wa njano. Mwanga wa chungwa ulipenya vizuri zaidi. Uliokoa umeme pia: taa ya sodiamu hutoa hata lumeni 180 kwa wati moja, ilhali globu ya kizamani ya waya hutoa kama 15. Zaidi ya hayo, mwanga wa aina moja hupindwa na lenzi ya jicho kwa kiasi kilekile, hivyo kingo za vitu hubaki kali.

Hasara yake inahusu jinsi tunavyotambua kitu barabarani. Jicho hukitofautisha na kilicho nyuma yake kwa njia mbili: weupe na weusi wake, na rangi yake. Katika mwanga wa sodiamu njia ya pili hufa kabisa. Boksi jekundu lililodondoka toka kwenye lori, kama linarudisha mwanga kwa kiasi sawa na lami, linazama ndani ya lami. Chini ya mwanga mweupe wekundu wake ungemshtua dereva mapema. Mstari wa njano na mstari mweupe hufanana. Kuta za mahandaki mengi hupakwa rangi nyeupe, ili gari au mtu aonekane kama kivuli mbele yake, lakini ukuta haumsaidii dereva kwa kitu kilicholala chini.

Mimi linanisumbua zaidi suala la dharura. Mtungi wa kuzimia moto hupakwa rangi nyekundu ili mtu mwenye hofu auone upesi. Chini ya taa ya sodiamu unageuka wa kahawia iliyofifia, na alama ya kijani ya mlango wa kutokea, isipokuwa na taa yake ya ndani, huwa ya kijivu. Katika moto wa handaki la Mont Blanc, Machi 1999, walikufa watu 39. Mahali pa namna hiyo kila sekunde ya kutafuta mlango ina uzito.

Siku hizi injini hutoa masizi machache na taa za LED nyeupe hazili umeme mwingi, kwa hiyo sababu za zamani zimepungua nguvu. Naona mwanga mweupe uwe kanuni, na rangi zitumike pale zinapokuwa na kazi maalumu. Handaki la Lærdal huko Norwei, lililofunguliwa mwaka 2000, lina urefu wa kilomita 24.5, na kila baada ya kilomita 6 hivi hupanuka kuwa pango lenye mwanga wa buluu, na wa njano pembezoni. Mwanga huo haukuwekwa kwa ajili ya kuona vizuri. Umewekwa kumzindua dereva aliyechoshwa na ukuta usiobadilika. Akitoka pangoni anarudi kwenye mwanga mweupe.