Dizeli ya safari ya Zambia: ilipwe kwa fedha ipi?

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayepeleka vitenge, vyombo vya plastiki au vipuri Lusaka na Lubumbashi huuliza kwanza nauli ya gari. Ni mara chache kuuliza mafuta ya gari hilo yatalipwaje likishavuka Tunduma. Hata hivyo, dizeli ndiyo inayomeza sehemu kubwa ya nauli hiyo, na kwa mwenye lori moja au mawili, faida huvujia hapo hapo.

Upande wa Tanzania hesabu ni nyepesi. EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na bei hiyo hupanda kadiri kituo kinavyokuwa mbali na bandari, kwa kuwa gharama ya kubeba mafuta imo ndani yake. Malipo ni kwa shilingi. Tangu kanuni za Machi 2025, kutoza au kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni ni marufuku, hivyo hata dereva wa Lubumbashi anayejaza tenki Dar es Salaam hana budi kupitia kwanza benki au duka la kubadilishia fedha.

Kwa nini basi lori lisijaze Dar mafuta ya safari nzima? Jibu liko kwenye mizani. Kuanzia Vigwaza hadi Mpemba, uzito wa gari na mzigo hauruhusiwi kuzidi tani 56, na lita 600 za dizeli ya ziada ni karibu nusu tani. Anayebeba mafuta mengi hubeba mzigo mdogo. Wenye magari wazoefu huondoka Dar na mafuta ya kuwatosha njiani, kisha huongeza Mbeya au Tunduma kabla ya kuvuka, pale bei ya Zambia inapokuwa juu.

Bei hiyo nayo haitulii. Tangu 2022 Zambia hupitia bei za mafuta kila mwezi, mwishoni mwa mwezi, ilhali Tanzania hubadilisha siku chache baadaye. Gari linaloondoka Dar tarehe 28 linaweza kukutana na bei mpya Nakonde, na likirudi likute nyingine Tunduma. Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya dizeli ya Zambia hutoka Dar es Salaam hii hii: bomba la TAZAMA la kilomita 1,710, lililoanza kazi mwaka 1968 kwa mafuta ghafi, limekuwa likipeleka Ndola dizeli iliyokwisha kusafishwa tangu 2023. Mafuta ni yale yale, lakini kodi na fedha si zile zile.

Hasara kubwa hutokea kwenye kubadilisha fedha. Tuseme lori lenye mzigo linatumia lita 50 kwa kilomita 100. Kutoka Nakonde hadi Kasumbalesa ni zaidi ya kilomita 1,000, yaani lita 500 kwa kwenda tu. Mwenye gari akinunua dola Dar, na dereva akaziuza kwa kwacha mpakani, fedha imebadilishwa mara mbili. Kila badiliko likila asilimia 3, karibu lita 30 zimepotea kabla injini haijawashwa. Kwenda moja kwa moja kutoka shilingi hadi kwacha hupunguza hasara iwapo kiwango ni kizuri, lakini kwa duka lenye leseni, si kwa vijana wa barabarani. Huko noti bandia ni hatari moja. Sheria ni ya pili.

Mwenye gari Ulaya alikwishaondokana na sehemu ya usumbufu huu. Tangu Januari 2002 noti za euro hulipia mafuta Ujerumani, Ubelgiji na Ufaransa, na wenye malori hutumia kadi za mafuta: dereva hajazi mfuko fedha, ankara humfuata tajiri ofisini. Kadi za namna hiyo zipo Tanzania pia. Swali la kumuuliza muuzaji kabla ya kutia saini ni moja: inakubaliwa katika vituo vya ng'ambo ya mpaka, na kwa kiwango gani cha fedha? Kadi inayoishia Tunduma inasaidia nusu ya safari.

Anayepitia Kasumulu kwenda Malawi asidanganywe na jina. Kwacha ya huko si ya Zambia, na Novemba 2023 ilishushwa thamani kwa asilimia 44. Aliyekuwa na akiba ya kwacha hizo za mafuta aliamka na tenki pungufu. Kongo dola hupokelewa kila mahali, lakini noti iliyochanika hata ncha hukataliwa, kwa hiyo noti za safari hukaguliwa moja moja dukani Dar es Salaam, kabla muuzaji hajafunga droo yake.