Paka Mtakatifu Hakuzeeka

Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa kale, aliandika kwamba paka akifa katika nyumba ya Wamisri, wenyeji wote hunyoa nyusi zao. Ukisoma hivyo utadhani paka wa Misri ya kale walikufa kwa uzee, wamelala mkekani. Mifupa yao inakataa. Mfupa mrefu wa paka mchanga si kipande kimoja: vichwa vyake vimeshikizwa kwenye shina kwa gegedu, na hapo ndipo mfupa unaporefukia. Paka akishakua, gegedu hugeuka mfupa, vipande vikaungana. Ila haviungani kwa pamoja. Kwenye kiwiko huanza kuungana paka akiwa na miezi kama minne. Goti husubiri hadi avuke mwaka. Bega huweza kuchelewa mpaka karibu miaka miwili. Baada ya hapo kipimo kimekwisha, wa miaka mitatu na wa kumi hawatofautiani.

Mwaka 1981 watafiti Philip Armitage na Juliet Clutton-Brock walichapisha uchunguzi wa paka zaidi ya 50 waliokaushwa na kuviringishwa sanda, waliopigwa eksirei bila kufunguliwa. Wengi waliangukia mafungu mawili: miezi 1 hadi 4, na miezi 9 hadi 17. Waliovuka miaka miwili walikuwa wachache mno, na miongoni mwa paka wote waliochunguzwa, baadhi walikuwa wameteguliwa shingo.

Atasema mtu: vitoto vya paka hufa ovyo hata leo. Kweli, na fungu la kwanza lingeweza kuelezwa hivyo. Lakini mwenye miezi kumi na miwili ameshapita hatari za utotoni. Maradhi hayamchagui yeye na kuwaacha wazee. Hoja nzito zaidi ni kwamba tunawapima wa kale kwa paka wa leo, na paka aliyehasiwa huchelewa kufunga mifupa. Ndiyo maana kipimo sharti kitokane na wasiohasiwa; na hata tukikosea kwa miezi mitatu minne, kijana hageuki mzee.

Basi Herodotus alidanganya? Sidhani. Paka wa nyumbani alikaliwa matanga. Wa hekaluni alifugwa ili auawe, akauzwa kwa mahujaji kuwa sadaka kwa mungu Bastet. Biashara hiyo ya kale ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1890 meli zilishusha Liverpool tani 19 hivi za maiti za paka kutoka Misri, zikasagwa kuwa mbolea.