Damu Baada ya Kujifungua: Macho Hayatoshi Kupima

Mtoto akishalia, jamaa walio nje ya chumba cha kujifungulia huanza kupongezana na kupiga simu nyumbani. Mkunga mzoefu bado hajatulia. Saa chache zinazofuata ni za hatari kubwa kwa mama, awe Gasenyi, kaskazini mwa Bujumbura, au katika hospitali kubwa ya Nairobi.

Kondo la nyuma likitoka, mishipa iliyokuwa ikililisha hubaki wazi. Kinachoiziba ni misuli ya mji wa mimba, ambayo hujikaza na kuibana. Misuli hiyo ikilegea, au kipande cha kondo kikibaki ndani, damu humwagika kwa kasi, na mama aliyekuwa mzima anaweza kufa ndani ya saa mbili.

Burundi imepiga hatua ya kweli. Mwaka 2006 serikali iliondoa malipo ya kujifungua katika vituo vya umma, upasuaji ukiwemo. Utafiti wa kitaifa wa 2010 ulikadiria vifo 500 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2016-17 ulikuta 334, na wanawake zaidi ya wanane kati ya kumi walikuwa wakijifungulia kituoni. Bado ni vifo vingi mno. Mama amefika, yuko mikononi mwa wahudumu, na anafariki. Hapo ndipo pa kuuliza maswali.

Tatizo moja kubwa ni kukadiria damu kwa macho. Nyingine inanywewa na kitenge na shuka, nyingine inachanganyika na maji ya uzazi, nyingine inachuruzika sakafuni. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa 2023 na kuhusisha hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ulitumia kifaa rahisi: plastiki inayotandikwa chini ya makalio ya mama, yenye mfuko wa kukinga damu uliochorwa mistari ya vipimo. Damu ikifika mililita 500, au 300 huku mapigo ya moyo au presha si ya kawaida, hakuna kujadiliana. Mji wa mimba unasuguliwa, oksitosini ya kukaza misuli na asidi ya traneksamiki ya kusaidia kuzuia damu zinatolewa, dripu inawekwa, chanzo kinatafutwa, yote kwa mpigo, bila kungoja dawa moja ishindwe ndipo ijaribiwe nyingine. Hatari ya damu kupita lita moja, ya kupasuliwa tumbo kwa sababu yake au ya kufa ilipungua kwa asilimia 60. Kwangu, kituo kisicho na plastiki hiyo hakijakamilika.

Oksitosini nayo inahitaji friji, nyuzi 2 hadi 8. Kwa joto la Bujumbura, umeme ukikatika dawa hupungua nguvu bila kubadilika rangi. Ipo dawa mbadala ya kinga, kabetosini isiyoharibiwa na joto. Utafiti wa 2018 uliohusisha wanawake karibu 30,000 uliikuta inazuia kuvuja damu sawa na oksitosini.

Kisha mama anarudi nyumbani, na jukumu linahamia kwa mume, mama mkwe na majirani. Pedi ikilowa chapa ndani ya saa moja, akitoa mabonge makubwa ya damu, akihisi kizunguzungu au akitoka jasho la baridi, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni wiki ya pili au ya tano. Na kwa kuwa uhaba wa petroli umeisumbua sana Bujumbura miaka hii, gari la kumpeleka litafutwe kabla uchungu haujaanza: nani analo, na lina mafuta?