Bati, Risasi na Mapambo Madogo

Leo tutaeleza jinsi madini yanavyochanganywa ili kusubu mapambo madogo, kama pete, vifungo na sanamu za wanyama.

Kusubu ni kuyeyusha madini na kuyamimina katika kalibu. Shaba nyekundu huyeyuka kwa digrii 1,085 za sentigredi. Moto huo wataka tanuri na mivukuto. Lakini risasi huyeyuka kwa digrii 327, na bati kwa 232. Bati tunalosema si mabati ya kuezekea nyumba. Yale ni chuma kilichopakwa zinki.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Ukichanganya sehemu 62 za bati na sehemu 38 za risasi, mchanganyiko huyeyuka kwa digrii 183 tu. Huyeyuka mapema kuliko bati peke yake, na kuliko risasi peke yake. Tena risasi ni rahisi kwa bei. Ndiyo sababu mafundi wengi waliipenda.

Je, haina ubaya? Unao, tena mkubwa. Risasi ni sumu. Mtoto akinyonya pete yenye risasi, sumu humwingia kidogo kidogo. Hudhuru ubongo wake, akawa mzito wa kujifunza. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Fundi naye huipata katika vumbi la tupa, na vumbi hilo hufika nyumbani katika nguo zake. Kwa hiyo msiyeyushe risasi ya betri kuukuu za magari uani kwenu.

Basi fundi atumie nini? Achanganye sehemu 92 za bati, 6 za antimoni na 2 za shaba nyekundu. Bati peke yake ni laini. Antimoni na shaba hulitia ugumu. Fundi hununua mchanganyiko huu ukiwa tayari, na moto wa mkaa watosha kuuyeyusha. Bei yake ni kubwa kuliko ya risasi, lakini hauna risasi ndani yake.

Neno la mwisho: kalibu iwe kavu kabisa. Maji kidogo tu hugeuka mvuke ghafula, na madini ya moto yakamrukia fundi usoni.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini mafundi walipenda risasi?
2. Vumbi la risasi hufikaje nyumbani?
3. Kwa nini kalibu iwe kavu?