Madeni Yanayouzwa Pamoja na Nyumba

Mnunuzi wa nyumba Goba hukagua paa, huuliza mipaka kwa majirani, kisha hulipa mbele ya mashahidi na kukabidhiwa ufunguo. Siku anaponunua umeme kwa mara ya kwanza ndipo anapoona sehemu ya fedha yake imekatwa. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hulipwa kupitia LUKU, na nyumba iliyokaa tupu hulimbikiza makato hayo kwenye mita.

Hilo ni dogo, halivunji ujirani. Yanayofikisha watu mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa ni ankara ya DAWASA ya miezi mingi, kodi ya pango la ardhi na, gumu kuliko yote, mchango wa urasimishaji. Sehemu kubwa ya Goba ilijengwa kabla ya kupimwa. Wakazi huchangia gharama za upimaji, na asiyemaliza mchango wake hati haimfikii. Muuzaji husema ameuza nyumba kama ilivyo. Mnunuzi hujibu kwamba hakuambiwa.

Wapo wanaodhani kunyamaza si uongo. Hadithi ya Hakim bin Hizam, waliyoipokea Bukhari na Muslim, imefungamanisha baraka ya mauziano na kubainisha, si kusema kweli peke yake. Ndiyo maana wanavyuoni wakampa mnunuzi aliyefichwa aibu hiari ya kurejesha alichonunua. Ama maji yaliyonywewa na familia moja, deni lake halihamii kwa nyingine kwa kukabidhiana ufunguo tu.

Basi kabla ya malipo ya mwisho, mnunuzi na muuzaji waende pamoja DAWASA, kwa kamati ya urasimishaji na idara ya ardhi ya Manispaa ya Ubungo (karatasi za kabla ya 2016 husomeka Kinondoni, nazo zihakikiwe). Hati ya mauziano itaje tarehe: deni la kabla yake ni la muuzaji, la baada yake ni la mnunuzi. Aya ya 282 ya Surat al-Baqara imekwisha kutuelekeza kuandika na kushuhudisha.

Nyumba ya mirathi yataka hadhari zaidi. Deni la marehemu hutangulia mgawo. Warithi wakigawana kwanza, mnunuzi hubaki akibisha hodi kwenye milango sita, kila mrithi akimwelekeza kwa mwenzake.