Sufjan Stevens alipoweka banjo chini

Albamu inaanza kwa upole. Gitaa linadonolewa taratibu, sauti nyororo ya kiume inaimba kana kwamba inamwogopa mtu aliyelala chumba cha pili, na kwa dakika mbili na ushei shabiki wa Sufjan Stevens anajiona yuko nyumbani. Kisha unaingia wimbo wa pili. Milio ya mashine inatapakaa, mdundo unakwaruza na kukatika, filimbi na tarumbeta zinapigana vikumbo na ngoma za kompyuta, na ile sauti nyororo inabidi ijikaze ili isizame. Wimbo wa kwanza unaitwa "Futile Devices", wa pili "Too Much". Albamu ni The Age of Adz, iliyotoka tarehe 12 Oktoba 2010, na hapo katikati ya nyimbo hizo mbili ndipo mapenzi ya mashabiki wengi yalipotiwa kwenye mizani.

Mtu waliyempenda alikuwa na sura nyingine kabisa. Stevens alizaliwa Detroit mwaka 1975, akakulia kaskazini mwa jimbo la Michigan, na muziki wake aliutoa kupitia Asthmatic Kitty, kampuni ndogo aliyoianzisha na baba yake wa kambo, Lowell Brams. Alikuwa katika kundi la wanamuziki huru wa roki wa Marekani, wale wanaojitegemea nje ya kampuni kubwa, ingawa silaha yake ilikuwa banjo zaidi kuliko gitaa la umeme. Mwaka 2003 alitoa albamu kuhusu jimbo lake la Michigan, akatangaza kwamba ataimba albamu moja kwa kila jimbo la Marekani, yote 50. Mwaka uliofuata ikaja Seven Swans, yenye visa vya Biblia vilivyoimbwa kwa utulivu na Mkristo asiyemhubiria mtu. Mwaka 2005 ikaja Illinois.

Illinois ndiyo iliyomfanya awe kipenzi. Ina vipande 22 na inapita dakika 70, ikiwa na kwaya, tarumbeta na watu wa historia: mshairi Carl Sandburg, shujaa wa Kipoland Casimir Pulaski, hata John Wayne Gacy, yule muuaji wa vijana aliyezika maiti chini ya nyumba yake. Wimbo "Chicago" uliingia katika filamu ya Little Miss Sunshine mwaka 2006 na kuwafikia watu ambao wasingenunua albamu yenye banjo hata siku moja. Magazeti ya muziki yaliisifu mpaka maneno yakaisha. Mashabiki wakakaa kusubiri jimbo la tatu.

Halikuja. Walipata masalia ya Illinois katika The Avalanche, wakapata nyimbo za Krismasi, wakapata The BQE, muziki wa okestra na filamu kuhusu barabara kuu inayokatiza Brooklyn na Queens. Baadaye Stevens mwenyewe alikiri kwamba mpango wa majimbo 50 ulikuwa mbinu ya kujitangaza. Mwaka 2009 alisema hadharani kwamba hata imani yake katika wimbo na albamu kama umbo la sanaa ilikuwa imetikisika. Maneno hayo yalipaswa kuwaandaa wasikilizaji, lakini shabiki anayesubiri husikia anachotaka kusikia. Na mwezi Agosti 2010, bila kutangaza lolote, Stevens akaweka mtandaoni All Delighted People, muziki wa karibu saa nzima wenye magitaa, vinanda na kwaya. Watu wakashangilia kwamba amerudi. Hazikupita siku nyingi akatangaza The Age of Adz.

Naelewa vizuri hasira iliyofuata, na sitaki kuidharau. Kuna waliosema kwamba amechanganyikiwa. Kuna waliosema kwamba albamu imejazwa mno, kila nafasi ina mlio, hakuna pa kupumulia. Waumini waliokuwa wakimsikiliza kwa sababu ya Seven Swans walifika kwenye "I Want to Be Well" wakakuta anarudia tusi zito tena na tena kwa sauti inayopanda, naye hakuwa amewahi kutukana namna hiyo. Wengine walikwama kwenye "Impossible Soul", wimbo wa mwisho, wenye dakika 25 na nusu. Katikati ya safari hiyo ndefu Stevens anaimba kupitia Auto-Tune, programu ya kurekebisha sauti. Msikilizaji wa Bongo Fleva hawezi kushtushwa na Auto-Tune, maana ameizoea kama chumvi mezani. Lakini kwa mashabiki wale wa Marekani, mwaka 2010, ilikuwa bado ni chombo cha mwimbaji T-Pain na cha Kanye West wa 808s & Heartbreak, na kwao ilimaanisha udanganyifu: mtu asiyeweza kuimba anaficha koo lake nyuma ya programu.

Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Lalamiko lao lilisimama juu ya dhana moja ambayo wengi hawakuitamka: kwamba banjo ni ukweli na kompyuta ni kinyago. Ukizisikiliza Illinois na The Age of Adz moja baada ya nyingine, utaona kwamba mambo yalikuwa kinyume. Katika Illinois, Stevens alijifunika kwa watu wengine. Alipotaka kusema juu ya hofu alimwita Gacy. Alipotaka kusema juu ya maombolezo aliyafungia katika sikukuu ya Pulaski. Kila jeraha lilipewa mji, mwaka na jina la mtu wa vitabuni. Nyimbo ni nzuri ajabu, na uzuri huo unatokana kwa sehemu kubwa na ufundi wa kujificha. Katika The Age of Adz hakuna rais, hakuna mshairi, hakuna ramani. Kuna mtu mmoja anayesema "mimi" kuanzia mwanzo hadi mwisho. Katika "Vesuvius" anajiita kwa jina lake mwenyewe, kama mtu anayejizuia asiruke, na mlima wa volkano unaungua mbele yake. Mbele ya wasikilizaji wake hakuwa amewahi kusimama akiwa mtupu kiasi hicho.

Alikuwa na sababu ya mwilini. Mwaka 2009 aliugua maradhi ya virusi yaliyoshambulia mfumo wa neva, akawa na maumivu ya muda mrefu, akaacha kazi kwa miezi kadhaa. Ukilijua hilo, "I Want to Be Well" inakuwa ombi la mgonjwa, na lile tusi linakuwa sauti ya mtu aliyechoka kuulizwa hali kwa adabu. Ile midundo inayokatika ghafla, ile milio inayochomoza mahali pasipotarajiwa na kutoweka, ni mwili usiomtii mwenyewe. Sijui ni ala gani ya mbao na nyuzi ingeweza kulisema jambo hilo sawasawa. Banjo inacheka hata ikilia. Alihitaji kitu chenye hitilafu.

Tena albamu hiyo hakuitunga peke yake. Picha za jalada, na sehemu ya mawazo ya albamu, zilitoka kwa Royal Robertson, mchoraji wa mabango wa Louisiana aliyefariki mwaka 1997. Robertson alikuwa na skizofrenia. Mkewe Adell alipomwacha baada ya miaka karibu 20 ya ndoa, aligeuza nyumba yake kuwa hekalu la ghadhabu: mabango ya kumlaani mwanamke, vyombo vya anga za juu, majitu, mahesabu ya siku ya mwisho, aya za Biblia zilizochanganywa na vibonzo. Alijiita nabii. Kimbunga Andrew kiliharibu sehemu kubwa ya kazi yake mwaka 1992, lakini nyingine zimehifadhiwa, zikiwemo zile zilizoko kwenye jumba la makumbusho la sanaa la Smithsonian. Stevens alimtazama mtu huyo aliyevunjika na hakumfanya kichekesho. Aliazima rangi zake kali na lugha yake ya kiama ili aseme juu ya mapenzi yaliyoharibika. Naona heshima kubwa katika jambo hilo, hasa kwa kuwa ingekuwa rahisi sana kumgeuza Robertson kuwa mhusika mwingine, Pulaski mpya wa Louisiana. Hakufanya hivyo. Alimwacha jaladani, ndani akaingia mwenyewe.

Na kama mtu alikuwa amesikiliza tangu mwanzo, hata mashine hazikuwa ngeni. Mwaka 2001, kabla ya majimbo yote, Stevens alikuwa ametoa Enjoy Your Rabbit, muziki wa kompyuta juu ya wanyama wa kalenda ya Kichina, bila kuimba. Wachache waliijua, na waliokuja na Illinois walidhani historia yake imeanza siku waliyomkuta.

Historia ya roki imejaa mikasa ya aina hii. Wengi hukimbilia kisa cha Bob Dylan, aliyeitwa Yuda na mtazamaji katika ukumbi wa Manchester mwezi Mei 1966 kwa kosa la kupiga gitaa la umeme. Mimi kinachonigusa zaidi ni cha Neil Young. Mashabiki wa Young walimpenda kwa Harvest ya mwaka 1972, gitaa la mbao na kinanda cha mdomo. Mwishoni mwa mwaka 1982 akawaletea Trans, ambamo sauti yake katika nyimbo nyingi imepitishwa kwenye vokoda mpaka inafanana na roboti, na maneno hayashikiki. Watu walishangaa, albamu ikakejeliwa, na mwaka uliofuata kampuni yake, Geffen, ikamshtaki ikidai zaidi ya dola milioni tatu kwa madai kwamba muziki anaowaletea haufanani na Neil Young. Miaka ikapita kabla watu hawajajua kilichokuwa nyuma yake. Mwanawe Ben alizaliwa na ulemavu wa ubongo na hakuweza kusema. Young na mkewe walikuwa wakitumia saa nyingi kila siku katika mazoezi ya kumsaidia mtoto. Sauti isiyoeleweka katika Trans ilikuwa ni baba anayejaribu kuimba kama mtu ambaye maneno yake hayamfikii mwingine. Kampuni na mashabiki waliamua kwamba huyu si yeye, siku zilezile ambazo alikuwa anaimba jambo lililo karibu kuliko yote na moyo wake.

Mashabiki wa Stevens walifanyiwa wema zaidi, maana waliipata tafsiri mapema, tena kwa macho. Ziara ya mwaka 2010 ilianza wakati uleule albamu ilipotoka. Waliokata tiketi wakitumaini kusikia Illinois walikuta jukwaa lenye rangi za kung'aa, wachezaji wawili wa kike, mavazi ya safari za anga, na Stevens mwenye mabawa mgongoni. Kati ya nyimbo alisimulia kisa cha Robertson kwa utaratibu, kama mwalimu. Kisha ikaja "Impossible Soul" yote, bila kupunguzwa. Ndani ya ukumbi wimbo ule ulieleweka kwa miguu: ombi la mwanzo, gitaa linalopiga kelele, sauti ya kike inayomjibu, Auto-Tune, halafu kibwagizo cha furaha kinachowainua watu vitini, maputo yanashuka, na mwishoni gitaa la mbao linarudi na wapenzi wawili wanakubali kwamba wameumizana. Baada ya hapo ndipo alipowapa "Chicago". Ziara ilihitimishwa Brooklyn, katika bustani ya Prospect Park, mwezi Agosti 2011.

Albamu yenyewe ilikuwa imeingia nafasi ya saba katika chati ya Billboard ya Marekani kwa wiki yake ya kwanza. Hiyo haithibitishi kwamba ilipendwa. Watu wengi hununua kwanza ndipo walalamike. Kilichonishawishi ni kilichofuata. Mama yake alifariki mwaka 2012, na mwaka 2015 Stevens akatoa Carrie & Lowell, karibu gitaa na sauti tu, kilio kitupu. Waliosubiri tangu 2005 walisema huyu ndiye wetu. Mimi nasema albamu hiyo isingewezekana bila ile ya kelele: mtu aliyekuwa amezoea kusema "mimi" ndani ya dhoruba ndiye aliyeweza kusema "mama" katika kimya. Na hata nyimbo hizo hakuziacha kimya. Jukwaani alizivisha vinanda vya umeme na taa, akaurefusha "Blue Bucket of Gold" mpaka ukawa wimbi la milio. Mwaka 2020 alipotoa The Ascension, albamu nyingine iliyojaa kompyuta, minong'ono ilikuwepo, ila hakuna aliyeshtuka tena kwa namna ile.

Kwa anayetaka kuijaribu The Age of Adz leo, ushauri wangu ni asianze na wimbo wa dakika 25. Aanze na "Vesuvius", halafu "I Want to Be Well" kwa sauti ya juu, ndipo arudi mwanzoni asikilize yote kwa mkupuo mmoja, ile saa na robo nzima. Akifika "Impossible Soul" akaona anachoka dakika ya kumi, avumilie mpaka ya kumi na tano.