Umdhaniaye Ndiye, Kumbe Siye

Mwaka 2016, masika yakikaribia, tulikuwa shambani upande wa Kilifi tukitengeneza paa. Mpwa wangu, kijana wa miaka 14, alitumwa avute makuti makuukuu yaliyorundikwa chini ya mwembe. Mara akapiga ukelele, akauchomoa mkono, akasema amedungwa. Tulipoyafunua yale makuti tukamwona buibui mkubwa mwenye manyoya, upana wake kama kiganja cha mtoto, amenyanyua miguu ya mbele kama atakaye vita. Hakuna aliyeuliza swali la pili. Ndara ikashuka, buibui akafa, na hukumu ikawa imekwisha. Mkono tukaupaka tumbaku, na kijana tukamwambia ajilaze kivulini.

Baada ya saa mbili uvimbe ulikuwa umepita kiwiko na ngozi imeanza kutoa malengelenge. Ndipo tulipokimbilia hospitali. Daktari alitazama mara moja akauliza, "Nani aliyewaambia kuwa ni buibui?" Kumbe alikuwa nyoka, na kwa dalili zile ni kifutu, ambaye wengine humwita moma. Kijana alipona, Alhamdulillahi, lakini kidole chake cha shahada hakikunjiki mpaka leo. Saa mbili zile tulizipoteza sisi watu wazima, kwa kuwa tulimhukumu kiumbe kwa umbo lake.

Wala buibui si mgeni kwetu. Jina lake ndilo jina la vazi la mama zetu. Chuoni tulisoma Suratul-Ankabut, sura ya 29, iliyoitwa kwa jina lake, ambamo nyumba yake imepigiwa mfano wa udhaifu. Tulihadithiwa pia pango la Thaur, katika Hijra ya mwaka 622, na ilivyopokewa kwamba buibui alitanda mlangoni, Mtume (S.A.W.) na Sayyidna Abubakar wakiwa ndani, na wale waliowasaka wakarejea mikono mitupu. Mwalimu wetu hakuwa akimwua buibui kwa ajili hiyo. Sisi tulipokua tukaihifadhi hadithi, tukaiacha adabu.

Basi, msomaji mpenzi, tuwatazame buibui wakubwa wa pwani yetu mmoja mmoja, ili siku nyingine tusimwonee asiye na hatia na kumwacha mwenye hatia.

Wa kwanza ni yule wa utando wa dhahabu. Hutanda baina ya miti, na jua likiupiga utando wake hung'aa manjano. Anayekaa katikati ni jike. Kiwiliwili chake hufika sentimita 3 na zaidi, mbali na miguu. Dume ni mdogo mno, utadhani ni mwanawe. Huyu haumi ila abanwe, na akiuma maumivu hupoa. Upepo huibomoa nyumba yake, lakini uzi wake ni imara ajabu. Huko Madagaska, Simon Peers na Nicholas Godley walifumisha kitambaa kwa nyuzi za buibui wa jamaa hii zaidi ya milioni 1, kikaonyeshwa New York mwaka 2009. Manjano yake hayakutiwa rangi. Ndivyo uzi ulivyo.

Wa pili ni wa majumbani. Ni bapa kama aliyekanyagwa, rangi yake hudhurungi, naye hukaa ukutani usiku au nyuma ya kabati, akikimbia kwa ubavu kama kaa. Akikunjua miguu hufika sentimita 10 hata 12. Hatandi utando wa kunasia. Huwinda kwa mbio, na mende ni chakula chake. Jike huonekana amekumbatia kifuko cheupe chini ya tumbo. Si mfuko wa sumu, ni mayai. Amesambaa nchi za joto kwa kufuata mizigo ya meli, kwa hivyo ni mtu wa bandari kama sisi. Akibanwa huuma, lakini hana madhara makubwa.

Wa tatu ndiye yule tuliyemwua. Ni mnene, ana manyoya mwili mzima, na hukaa shimoni au penye mizizi na magogo, mlango wake umezungushiwa hariri. Wako wa kijivu na wako wa rangi ya chungwa. Huyu asichezewe. Jino lake lina uchungu mkali, huleta uvimbe, na misuli yaweza kukaza hata kwa siku kadhaa. Lakini sumu yake si ya kumwua mtu, na akinyanyua miguu huwa anasema, "Niache nipite."

Wa nne namtaja kwa udogo wake. Tumbo lake ni kama punje ya njegere, rangi ya hudhurungi, na chini yake pana alama nyekundu au ya chungwa. Kifuko cha mayai yake ni duara lenye vimiba. Hupenda chini ya viti vya nje, kwenye ndoo zilizotupwa na viatu vilivyolala barazani. Mara nyingi jino lake huuma pale pale tu, lakini jamaa zake weusi wa kusini mwa Afrika ndio wa kuogopwa kuliko hao wakubwa wote. Ama kweli, ukubwa si sumu.

Aliyeumwa na buibui aoshe mahali hapo kwa maji na sabuni, aweke kitambaa cha maji baridi. Akitoka jasho jingi, misuli ikikaza, pumzi ikimpa taabu, au akiwa mtoto mdogo, apelekwe hospitali. Na ikiwa aliyeuma hakuonekana, hasa penye makuti, kuni au majani, chukulieni kuwa ni nyoka mpaka daktari aseme sivyo. Mvueni pete na bangili kabla ya uvimbe, asitembee, msimchanje, msimfunge kamba, msimfyonze. Na tumbaku ibaki kwa wenye kuitafuna.

Mpwa wangu sasa ni mtu mzima. Akimwona buibui ukutani humfunika kwa gilasi, akapitisha karatasi chini yake, akamtoa nje. Lakini rundo la makuti haligusi mpaka alipige kwa fimbo kwanza. Wenzake humcheka, wakisema aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi simcheki.